Kiama Kimoja, Hesabu Nyingi: Niliyoyasikia Kipsongo

Ndugu msomaji, tangu yalipotokea yale ya Shakahola mwaka 2023, kuna neno linalozunguka katika mabaraza yetu ya Pwani. Mtu akishamaliza kikombe chake cha kahawa husema kwamba hawa ndugu zetu Wakristo dini yao ndiyo inayowaamrisha wajiue kwa njaa wakimngojea Yesu. Wenzake huitikia kwa kichwa, kisha mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki.

Neno hilo si kweli, na ubaya wake si kwamba linawaonea majirani zetu tu. Linatupumbaza na sisi wenyewe. Asiyejua kumpambanua mhubiri na mhubiri hataitambua siku ile jirani yake anapochukuliwa na yule wa hatari. Msiba wa Shakahola ulitokea huku kwetu, katika kaunti ya Kilifi, mwendo usio mrefu kutoka Malindi. Kwa hiyo kujua Wakristo wanasema nini juu ya siku za mwisho, na wapi wanahitilafiana wao kwa wao, si udadisi wa bure.

Mimi mambo haya nilipata kuyasikiliza kwa makini mbali na Pwani, katika mtaa uitwao Kipsongo, na ningependa kukueleza kwa taratibu.

KIPSONGO

Kipsongo ni mtaa wa maskini pembezoni mwa mji wa Kitale, huko Trans Nzoia. Mji wenyewe uko katika nchi ya mahindi, chini ya Mlima Elgon. Zamani ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi wa Kizungu, na reli ilifika Kitale mwaka 1926 ili kuyabeba mazao yao. Lakini wengi wa wakazi wa Kipsongo si wakulima. Ni Waturkana, watu wa mifugo, ambao wao au wazee wao waliteremka kutoka kaskazini baada ya ukame na wizi wa ng'ombe kuwaacha mikono mitupu. Vibanda vingi nilivyoviona ni vya fito vilivyofunikwa kwa nailoni na vipande vya maboksi.

Mwenyeji wangu Kitale alikuwa Mwislamu mwenye duka la nguo, na ndiye aliyenionyesha njia. Nilichokiona upesi ni kwamba mtaa ule, ijapokuwa ni maskini wa kila kitu, si maskini wa mahubiri. Jumamosi huimba Waadventista Wasabato. Jumapili Wakatoliki huenda misani, na Walokole hupiga ngoma na vipaza sauti mpaka jioni. Siku za katikati Mashahidi wa Yehova hupita wawili wawili, wamevaa nadhifu, wakibisha hodi kwa adabu. Wote hao wana Biblia moja mkononi, na wote huhubiri juu ya mwisho wa dunia. Lakini ukiwasikiliza mmoja mmoja utadhani wamesoma vitabu vinne mbalimbali.

WANALOKUBALIANA

Kwanza tuseme wanalokubaliana. Wakristo hao wote huamini kwamba Yesu, ambaye sisi tunamwita Nabii Isa (A.S.), atarudi, wafu watafufuliwa na watu watahukumiwa. Hapo hawako mbali nasi sana, kwani Waislamu nao wamefundishwa juu ya kushuka kwa Nabii Isa, kutokea kwa Masihi Dajali, na Yajuju na Maajuju. Tofauti za itikadi baina yetu na wao zinajulikana na si kazi ya makala haya kuzijadili.

La pili ni kwamba katika Injili ya Mathayo, sura ya 24, imo habari kwamba siku ile na saa ile haijulikani na mtu yeyote, wala na malaika. Msomaji Mwislamu atakumbuka mara moja mafundisho ya Kurani katika Sura ya Al-A'raf, kwamba ujuzi wa Saa uko kwa Mola peke yake.

Basi kama hivyo ndivyo, ugomvi umetoka wapi? Umetoka katika vitabu viwili hasa, kitabu cha Danieli na kitabu cha Ufunuo wa Yohana, ambavyo vimejaa njozi. Humo mna wanyama wenye vichwa vingi na pembe, baragumu, mihuri, na hesabu kama siku 2300, miaka 1000, watu 144,000 na ile namba mashuhuri ya 666. Suali ni moja: je, hesabu hizi ni mafumbo, au ni kalenda?

WANAOSOMA KWA MAFUMBO

Kundi la kwanza, nalo ndilo kubwa kuliko yote duniani, husema ni mafumbo. Hawa ni Wakatoliki, na pamoja nao Waanglikana wengi na Walutheri wengi. Huko magharibi mwa Kenya Wakatoliki wana wafuasi wengi, na Bungoma na Kitale kila moja ina dayosisi yake.

Mwalimu wao mkubwa katika jambo hili alikuwa Augustino, mtu wa Afrika ya Kaskazini, askofu wa mji wa Hippo ulioko katika nchi inayoitwa leo Aljeria, aliyefariki mwaka 430. Yeye alifundisha kwamba ile miaka 1000 ya Ufunuo si miaka ya kuhesabiwa kwa vidole. Ni zama zote za kanisa, tangu kuja kwa Kristo mara ya kwanza mpaka atakaporudi. Kwa hiyo Mkatoliki hangojei ufalme wa miaka 1000 hapa duniani. Katekisimu ya kanisa lake, iliyotolewa mwaka 1992, inakataa wazi mafundisho hayo.

Na ile 666 je? Wataalamu wengi wa kundi hili husema kwamba Yohana aliwaandikia Wakristo wa karne ya kwanza, waliokuwa wakiteswa na dola ya Roma, na akaficha jina la mtesaji kwa hesabu. Hapa msomaji wa Pwani ana faida kuliko wengi, kwa sababu sisi tunaijua hesabu ya abjadi, na Waebrania nao wana hesabu kama hiyo hiyo. Chukua jina Neron Kaisari kwa herufi za Kiebrania, uhesabu kama anavyohesabu mtu wa falaki: nun 50, ra 200, wau 6, nun 50, qaf 100, sin 60, ra 200. Jumla ni 666. Nero alikuwa mfalme wa Roma aliyewatesa Wakristo, akafa mwaka 68. Kuna nakala za kale za Ufunuo zenye 616 badala ya 666, na ukiiondoa ile nun ya mwisho ya Neron, yenye thamani ya 50, utapata 616 hiyo. Kwa maoni haya mnyama wa Ufunuo alikwisha pita zamani, na la kujifunza ni kutomsujudia mtawala dhalimu wa zama zozote.

SIKU MOJA, MWAKA MMOJA

Kundi la pili husema kwamba hesabu zile ni kalenda, lakini siku moja ya unabii ni mwaka mmoja wa kawaida. Katika karne ya 19 huko Marekani alitokea mkulima mmoja wa madhehebu ya Kibaptisti, William Miller. Alizichukua zile siku 2300 za Danieli akazifanya miaka, akaanza kuhesabu tangu mwaka 457 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na hesabu ikamfikisha 1843 au 1844. Hatimaye wafuasi wake waliikaza tarehe ikawa 22 Oktoba 1844. Maelfu ya watu walikesha wakingojea. Wapo waliokuwa wameyaacha mazao yao shambani bila kuyavuna, kwani ya nini kuvuna ikiwa dunia inakwisha?

Kukapambazuka tarehe 23, na dunia iko pale pale. Wenyewe siku ile waliipa jina la Masikitiko Makuu. Wengi walivunjika moyo wakarudi makwao. Wachache walisema kuwa hesabu ilikuwa sahihi ila tukio ndilo lililokosewa, kwamba siku ile Kristo aliingia katika kazi mpya ya hukumu huko mbinguni. Kutokana na wachache hao, pamoja na Ellen White, likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863. Wamisionari wake walifika Gendia, katika nchi ya Wajaluo, mwaka 1906.

Jambo la kuangalia ni hili. Waadventista hutilia mkazo sana kurudi kwa Yesu, na hata jina lao lina maana hiyo, lakini somo la 1844 liliwaingia. Kanisa lao halitaji tarehe tena. Linajenga shule na hospitali, na huwahimiza watu waache tumbaku na pombe. Mtu anayejenga hospitali ya mawe hawezi kuwa anaamini kwamba dunia inakwisha Ijumaa ijayo.

MWAKA 1914

Kundi la tatu ni Mashahidi wa Yehova. Hao nao walihesabu. Walianza na mwaka 607 kabla ya Nabii Isa, ambao wao husema ndio mwaka Wababeli walipouangusha mji wa Yerusalemu, wakaongeza miaka 2520, wakafika 1914. Wanahistoria wengine husema Yerusalemu ilianguka mwaka 587 au 586, na hapo ndipo ubishi ulipo. Mashahidi hufundisha kwamba tangu 1914 Kristo anatawala mbinguni bila ya kuonekana, kwamba watu 144,000 watatawala pamoja naye huko, na kwamba waja wema wengine wote wataishi milele hapa hapa duniani, ardhi ikiwa bustani. Baadaye vitabu vyao viliuelekeza macho mwaka 1975, na waumini wengi wakawa na matumaini makubwa. Mwaka ukaja, ukapita.

Mafundisho haya yaliingia Afrika mapema. Mwaka 1908 na 1909 huko Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, Elliott Kamwana alibatiza maelfu ya watu akiwaambia kwamba mwezi wa Oktoba 1914 utawala wa Wazungu na kodi zao utakwisha. Serikali ilimhamisha. Mbegu hiyo ilienea mpaka Kongo ya mashariki, na huko ikaitwa Kitawala, jina lililotokana na matamshi ya wenyeji ya Watch Tower. Kitawala ilikwenda njia yake yenyewe, nao Mashahidi wa Yehova hawaihesabu kuwa yao.

UNYAKUO

Kundi la nne ndilo lenye sauti kubwa Kipsongo na pengine katika Kenya nzima, nao ni Wapentekoste na Walokole kwa jumla. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Kanada waliweka makao Nyang'ori, magharibi mwa Kenya, tangu miaka ya 1920. Wengi wao hufundisha kama hivi: kwanza kutakuwa na unyakuo, yaani waliookoka watanyakuliwa ghafla kwenda mbinguni. Kisha dunia itaingia katika Dhiki Kuu ya miaka saba chini ya Mpinga Kristo, na watu watatiwa chapa ya mnyama. Halafu Kristo atarudi na kutawala miaka 1000 akiwa Yerusalemu.

Msomaji huenda akadhani haya ni mafundisho ya tangu zama za mitume. Sivyo. Mpango huu, kwa sura hii, ulipangwa na John Nelson Darby wa Uingereza na Ireland katika miaka ya 1830, ukaenezwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyochapishwa mwaka 1909. Kuundwa kwa dola ya Israel mwaka 1948 kuliuongezea nguvu, kwani wafuasi wake waliona kwamba saa ya unabii imeanza kugonga. Hal Lindsey wa Marekani alitoa kitabu mwaka 1970 kilichouzwa kwa mamilioni, akidokeza kwamba kizazi kilichoiona Israel ikiundwa, yaani kama miaka 40 hivi, ndicho kitakachouona mwisho. Mwaka 1988 nao ukapita.

Na hata Walokole hawakubaliani wao kwa wao. Kuna wasemao unyakuo utatangulia dhiki, kuna wasemao utakuwa katikati yake, na kuna wasemao hapana, Mkristo ataipitia dhiki yote. Kuhusu chapa ya mnyama kila zama huja na lake: mara ni mistari inayochapwa kwenye bidhaa za dukani, mara ni kadi za benki. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, wapo wahubiri waliosema kwamba chapa yenyewe ndiyo hiyo.

MAMA WA MAKAA

Nilipokuwa Kipsongo nilimwuliza mama mmoja anayeuza makaa kwa mkebe ni yupi kati ya hao anayemwamini. Alinijibu kwamba yeye ni wa kanisa la Walokole na unyakuo anaungojea, lakini makaa yake atayauza mpaka hapo atakaponyakuliwa, kwa kuwa watoto hawawezi kula unyakuo. Akaongeza kwamba kule kaskazini dunia ilikwisha kumwishia mara moja, ng'ombe walipochukuliwa, na hakukuwa na mhubiri aliyemtajia tarehe.

Maneno yale nimeyafikiria sana. Mtu wa Kipsongo hana kiwanja cha kuuza, hana akiba ya benki. Alicho nacho ni mwili wake, watoto wake na majirani wanaomfahamu. Mhubiri akimtaka atoe, vitu vya kutoa ni hivyo tu. Kwa hiyo hitilafu hizi za tafsiri, ambazo kwa msomi ni mjadala, kwake ni jambo la uhai.

MANABII WA NYUMBANI

Nchi ile ya Kitale na Bungoma imezoea manabii. Mkubwa wao katika historia alikuwa Elijah Masinde wa Kimilili, Mbukusu, mchezaji mashuhuri wa mpira katika ujana wake, aliyelelewa katika kanisa la Marafiki, yaani Wakweka. Katika miaka ya 1940 aliongoza Dini ya Msambwa, iliyochanganya Biblia na ibada za mababu, ikitabiri kuondoka kwa Wazungu na kurudishwa kwa ardhi. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, na watu 11 wakauawa. Dini hiyo ilipigwa marufuku mwaka ule ule, na Masinde akahamishwa mbali na watu wake. Alipelekwa wapi? Lamu, huku kwetu. Basi nabii yule wa Bungoma aliwahi kuishi kizuizini katika mji wa misikiti.

Unabii wa Masinde haukuwa wa kuihama dunia. Yeye aliitaka dunia hii hii, mashamba haya haya, yarudi kwa wenyewe. Utawala wa Kizungu ulikwisha kweli, ingawa serikali ya Kenya huru nayo iliipiga marufuku Dini ya Msambwa mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Baada yake wametokea wengine. Jirani huko Uasin Gishu alikuwako Jehova Wanyonyi, aliyejiita Mungu mwenyewe. Habari za kufa kwake zilipotoka mwaka 2015 wafuasi wake walikataa kuziamini. Huko Tongaren, kaunti ya Bungoma, yuko mtu anayejulikana kwa jina la Yesu wa Tongaren. Baada ya Shakahola, mwezi wa Mei 2023, polisi walimshika wakamchunguza, na mahakama ikamwachilia mwezi ule ule kwa kuwa halikupatikana kosa la jinai. Mwislamu atasema kuwa madai yake ni kufuru, na Wakristo wengi watasema hivyo hivyo. Lakini sheria haimhukumu mtu kwa dai la ajabu, humhukumu kwa madhara.

KUTOKA KUSOMA HATA KUAMRISHA

Madhara yalionekana Kanungu, magharibi mwa Uganda. Kikundi kilichotoka katika Kanisa Katoliki, kikiongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, kilifundisha kwamba dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi waliuza mali zao na kuleta fedha. Tarehe ilipopita bila ya jambo, viongozi wakasogeza siku. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea katika jengo la ibada ambalo milango na madirisha yake vilikuwa vimefungwa, na baadaye makaburi mengine yakagunduliwa. Tazama kwamba kikundi hiki kilitoka katika kanisa lile lile linalosoma unabii kwa mafumbo. Maaskofu walikuwa wamekikataa, lakini waliofuata waliwasikiliza viongozi wao tu.

Halafu ikaja Shakahola. Paul Mackenzie alikuwa mhubiri Malindi. Mwaka 2017 alikamatwa kwa mambo ya watoto kutopelekwa shule, na mwaka 2019 aliipinga Huduma Namba kuwa ni ya shetani. Mwaka huo aliifunga kanisa yake, kisha watu wakahamia pamoja naye kwenye msitu wa Shakahola, wengine wakitoka mbali sana, hata magharibi mwa Kenya. Kwa mujibu wa mashtaka, waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Ufukuaji ulianza Aprili 2023, siku zile zile Waislamu walipokuwa wakimaliza Ramadhani, na kabla ya mwaka kwisha miili zaidi ya 420 ilikuwa imetolewa ardhini. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha njaa, na kwa baadhi, wakiwemo watoto, dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie alikana mashtaka.

Ndugu msomaji, sisi tunaoijua saumu tunafahamu uzito wa jambo lile. Saumu yetu ina futari na ina daku. Mgonjwa ameruhusiwa kula, msafiri ameruhusiwa, mtoto hakulazimishwa, na Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba zake kuunganisha saumu siku kwa siku bila ya kufuturu. Na Wakristo wa makundi yote manne niliyoyataja hawana saumu ya kufa. Wote waliilaani Shakahola. Kilichouwa watu kule si tafsiri ya Danieli wala ya Ufunuo. Ni mtu mmoja kushika tafsiri mkononi kama amri, akawa yeye ndiye kalenda, ndiye daktari, ndiye mwalimu, na hapana wa kumwuliza.

NA SISI JE?

Tusijione salama. Mwaka 1908, katika Tanganyika ya Wajerumani, ilienea Barua ya Makka. Ilidaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume huko Madina, aliyeota ndoto kwamba mwisho umekaribia na watu watubu. Ilianzia pwani ya kusini, upande wa Lindi, ikaingia bara, na Wajerumani wakaingiwa na hofu ya uasi. Walipoufuata mkondo wake, ukawafikisha kwa Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan Al-Barwani, aliyekuwa Unguja. Zaidi ya miaka 100 imepita, na wasia wa Sheikh Ahmad bado unazunguka. Zamani ulinakiliwa kwa mkono, leo huingia katika simu, ukimtaka mtu auzidishe kwa wenzake asije akapatwa na balaa. Wanazuoni wameukanusha tena na tena. Na Sudan ilipata Muhammad Ahmad, aliyejitangaza Mahdi mwaka 1881, na damu nyingi ikamwagika.

Kwa hiyo ugonjwa wa kuipangia Saa tarehe hauna dini moja. Na dawa yake katika kila dini imo ndani ya dini yenyewe. Dawa ya Wakristo iko kwa Wakristo wanaojua Kitabu chao, kama yetu ilivyo kwa wanazuoni wetu.

MAMBO YA KUANGALIA

Jirani yako akikuambia kwamba Yesu anarudi karibuni, hilo ni la imani yake, mwache nalo. Lakini sikiliza yanayofuata. Je, ametajiwa tarehe? Je, amekatazwa kumpeleka mtoto shule, au hospitali, au kumpa dawa? Je, ameanza kuuza kiwanja, vyombo na mbuzi, na fedha zinakwenda kwa mtu mmoja? Je, ameambiwa awahame ndugu zake, au aende kuishi mahali ambapo wageni hawaingii? Moja katika haya latosha kukufanya ubishe hodi kwake. Mawili yanatosha kukupeleka kwa mzee wa mtaa, kwa mchungaji mwingine wa Kikristo unayemwamini, na kwa polisi, tena upesi. Wale wa Shakahola walikuwa na majirani kabla hawajaingia msituni.

Mtume Muhammad (S.A.W.) alitufundisha kwamba hata Kiama kikimkuta mmoja wetu na mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, na aupande. Huko Trans Nzoia niliwaona watu wa madhehebu yote yale wakipanda mahindi mvua zilipoanza, Mkatoliki, Msabato, Shahidi na Mlokole, kila mmoja akiwa na hesabu yake ya siku za mwisho, na kila mmoja akitazamia kuvuna.

Wallahu aalam.